Nyaya za Meno kwa Mtoto na kwa Mtu Mzima: Tathmini ya Tiba Nzima, Kuanzia Kipimo hadi Riteina

Tathmini nyingi za nyaya za meno huishia kwenye swali la chuma au plastiki, na msomaji hubaki akidhani kwamba akishachagua kifaa, kazi imekwisha. Nimeifuatilia tiba hii kwa karibu nikiwa mzazi wa binti aliyefungwa nyaya za chuma katika umri wa kubalehe, na nikiwa mtu mzima niliyevaa trei za plastiki angavu, yaani vifuniko vyembamba vya meno vinavyovaliwa na kuvuliwa, kwa sababu ya meno ya chini yaliyobanana. Hukumu yangu ni kwamba kifaa chenyewe ni sehemu ndogo ya kile mgonjwa anachokilipia. Sehemu kubwa ni uchunguzi unaofanywa kabla ya kitu chochote kugandishwa kwenye jino, usimamizi wa kila baada ya wiki kadhaa, na mpango wa kuyashikilia meno mahali pake, kwa kifaa kiitwacho riteina, nyaya zikishafunguliwa. Kliniki inayoyafanya hayo vizuri kwa kifaa cha kawaida kabisa humfaa mgonjwa kuliko kliniki yenye kifaa cha kisasa isiyoyafanya.

Ili kuielewa hukumu hiyo, ni lazima kujua jinsi jino linavyosogea. Jino halijashikamana moja kwa moja na mfupa wa taya. Kati ya mzizi wake na mfupa kuna utando wa nyuzinyuzi wenye unene wa takriban milimita 0.2, na tiba yote hufanyika ndani ya utando huo. Jino likisukumwa kwa nguvu ndogo isiyokatika, mfupa wa upande unaobanwa humung'unywa taratibu na seli maalumu, na kwenye upande unaovutwa seli nyingine hujenga mfupa mpya, hata jino likahama pamoja na tundu lake. Mwendo wa kawaida ni kama milimita 1 kwa mwezi, na kuongeza nguvu hakuuharakishi. Nguvu ikizidi, mishipa midogo ya damu iliyomo ndani ya utando hubanwa, seli hufa, jino hugoma kusogea kwa wiki kadhaa, na hatari ya ncha ya mzizi kuliwa huongezeka. Kwa sababu hiyo tiba kamili huchukua kwa kawaida miezi 18 hadi 24, na nyingine huvuka hapo. Anayeahidi miezi michache tu huwa anazungumzia kuyanyoosha meno machache ya mbele yanayoonekana mtu akitabasamu, bila kurekebisha namna meno ya juu na ya chini yanavyokutana wakati wa kutafuna. Huenda hilo likamtosha mtu fulani, lakini anapaswa kuelezwa wazi kwamba ndilo analolinunua.

Uchunguzi wa kwanza ndio niliouthamini kuliko yote katika tiba ya binti yangu. Daktari bingwa wa mpangilio wa meno alianza kwa kumtazama uso akiwa amesimama, kwa mbele na kwa ubavuni, kisha akamwangalia akifunga na kufungua kinywa ili aone kama taya la chini linakwenda upande. Zikafuata picha za kawaida, skani ya meno, picha ya eksirei inayoonyesha mataya yote mawili pamoja na mizizi, na nyingine ya kichwa kwa ubavuni ambayo hutumika kupima pembe za mifupa ya uso. Alieleza kwamba bado anatumia makundi yaliyopendekezwa na Mmarekani Edward Angle mwaka 1899, yanayotazama jinsi gego la kwanza la juu linavyokaa juu ya mwenzake wa chini: mahali panapostahili, au la chini likiwa nyuma mno, au likiwa mbele mno. Ni makundi ya zamani sana na hayasemi kila kitu, lakini humsaidia daktari kuanza kuuliza kama tatizo liko kwenye meno tu au huenda linatokana na mataya yenyewe, na majibu hayo mawili huongoza kwenye tiba zisizofanana hata kidogo.

Picha ya eksirei ilionyesha jambo ambalo hakuna aliyeweza kuliona kwa macho. Jino la chonge la juu upande wa kushoto lilikuwa limelala kuelekea kaakaa, juu ya mizizi ya majirani zake. Hali hiyo huwapata takriban watu 2 kati ya 100, na ndiyo sababu daktari wa meno hupapasa ufizi wa juu wa mtoto anapofikia umri wa miaka 10 hivi, akitafuta kile kivimbe kinachoonyesha kwamba chonge linateremka kwa njia yake. Kwa binti yangu, chonge la utotoni liling'olewa ili kulipa la kudumu nafasi ya kurudi kwenye mstari, na baada ya miezi kadhaa picha ya pili ilionyesha kwamba linanyooka lenyewe. Lingeachwa, lingeweza kula mzizi wa jino jirani bila maumivu yoyote ya kumshtua mtu. Mzazi anayeona meno ya mbele ya mwanawe yamenyooka hana namna ya kulijua hilo, na ninaandika aya hii kwa ajili yake hasa.

Kwa upande wangu, kliniki ya kwanza niliyoiendea ilinipiga skani ya meno, ikanionyesha kwenye kioo cha kompyuta tabasamu langu litakavyokuwa, na kunipa mkataba wa kutia saini papo hapo. Haikupiga picha ya mizizi, wala haikuingiza kile kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya jino na ufizi ili kupima kina cha mifuko ya fizi. Kwa mtu mzima, hilo ni kosa lisilovumilika, kwa sababu jino linalosukumwa huku ufizi ukiwa na ugonjwa hupoteza mfupa kwa kasi. Sikurudi. Kliniki ya pili ilinipeleka kwanza kusafishwa ugaga na ikasubiri fizi zangu ziache kutoka damu ndipo ikakubali kuanza, na uvumilivu huo ndio ulionifanya niiamini.

Kuhusu umri, kuna mambo mawili ambayo wazazi huyachanganya: umri wa kumpeleka mtoto atazamwe na umri wa kuanza tiba. Chama cha madaktari wa mpangilio wa meno cha Marekani hupendekeza uchunguzi wa kwanza usipite umri wa miaka 7, wakati ambapo magego ya kwanza na baadhi ya meno ya mbele ya kudumu yamekwisha kuota, lakini watoto wengi wakionwa katika umri huo huambiwa tu warudi baadaye. Yako matatizo yasiyopaswa kungoja. Mojawapo ni jino la juu la mbele kufungia nyuma ya lile la chini, maana huweza kuumiza ufizi na kulichakaza jino kila mtoto anapotafuna. Lingine ni taya la juu kuwa jembamba kiasi kwamba mtoto hulazimika kulitelezesha la chini pembeni ili meno yakutane. Kifaa cha kupanua kaakaa hufanya kazi vizuri kabla au wakati wa kubalehe kwa sababu mshono wa mfupa uliopo katikati ya kaakaa bado haujaungana imara, na ukishaungana, kazi hiyo hiyo huweza kuhitaji upasuaji.

Meno ya juu yaliyotokeza mbele ndiyo yanayowasumbua wazazi zaidi, nami nashauri waelezwe ukweli wote. Kuyarudisha mapema kunapunguza uwezekano wa kuvunjika mtoto anapoanguka, na hatari hiyo ni ya kweli hasa pengo kati ya meno ya juu na ya chini linapozidi milimita 6. Lakini utafiti uliolinganisha watoto walioanza mapema kwa awamu mbili na waliongoja hadi umri wa kubalehe wakatibiwa kwa awamu moja ulionyesha kwamba mwishoni meno na mataya yao hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo mtoto anayedhihakiwa na wenzake, au anayecheza michezo ya kugongana, ana sababu nzuri ya kuanza mapema, na yule asiyesumbuliwa anaweza kungoja bila kupoteza kitu. Katika umri huo wa kukua haraka, kifaa kinachovaliwa na kuvuliwa kama kile cha vipande viwili alichokibuni William Clark huko Scotland mwaka 1977, ambacho humlazimisha mtoto kufunga taya la chini likiwa mbele, kinaweza kurahisisha sana kazi ya nyaya zitakazofuata.

Sasa nyaya za chuma zenyewe. Siku ya kufunga, binti yangu aliwekewa plastiki inayovuta midomo pembeni, meno yakasuguliwa na kukaushwa, kisha kila jino likapakwa jeli ya asidi kwa nusu dakika hivi na kuoshwa. Lilipokaushwa tena, eneo lililopakwa lilikuwa jeupe kama chaki, na juu ya weupe huo ndipo daktari alipogandisha braketi, yaani kijipande kidogo kinachoushika waya, akaisogeza kwa ncha ya kifaa chembamba hadi ikakaa alipotaka, akafuta gundi iliyotoka pembezoni na kuimulika kwa taa ya buluu hadi ikawa ngumu. Asidi hiyo ndiyo iliyobadilisha fani nzima: tangu Michael Buonocore alipoonyesha mwaka 1955 kwamba gundi hushika kwenye enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, iliyoparuzwa kwa asidi, njia ilifunguka ya kuachana na pete ya chuma iliyokuwa ikizungushwa kwenye kila jino. Waya wa kwanza uliopitishwa ulikuwa wa aloi ya nikeli na titani, ambayo ilianza kutumika katika meno mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hupindishwa kufuata meno yaliyopotoka, kisha yenyewe hutafuta kurudi kwenye umbo lake kwa nguvu ndogo inayodumu kwa wiki nyingi. Mwenye mzio wa nikeli amwambie daktari kabla, maana zipo nyaya nyingine.

Kwa watoto wengi wenye tatizo la kati au kubwa, naipa njia hii alama ya juu kuliko zote, na sababu yangu kuu ni kwamba haitegemei kumbukumbu ya mtoto. Nyaya hufanya kazi akiwa amelala, akiwa darasani, akiwa amekasirika na kila mtu. Maumivu yapo, na hayafai kufichwa: huanza saa chache baada ya waya kufungwa au kubadilishwa, hufikia kilele siku inayofuata, na hupungua ndani ya wiki moja. Dawa ya kawaida ya maumivu na vyakula laini vilimtosha. Mashavu huchubuka mwanzoni, na nta inayobandikwa juu ya braketi husaidia mpaka ngozi ya ndani izoee. Eneo pekee ambapo mafanikio humtegemea mtoto mwenyewe, ukiacha usafi, ni zile raba ndogo zinazounganisha taya la juu na la chini, ambazo huvaliwa karibu saa zote 24, na mtoto asiyezivaa huongeza miezi kwenye tiba yake.

Usafi ndio udhaifu mkubwa wa nyaya za chuma, na hapa natamani kliniki zote zingekuwa kali. Utando wa bakteria ukiachwa kuzunguka braketi, enameli huanza kupoteza madini, na madoa meupe yanaweza kujitokeza ndani ya mwezi mmoja tu. Nyaya zikifunguliwa, jino hubaki na umbo la braketi lililochorwa kwa weupe unaolizunguka, na alama hizo haziondoki kabisa kwa wengi. Mswaki unapaswa kuelekezwa juu ya waya na chini ya waya, jino kwa jino, na brashi ndogo ya kati ya meno ipite chini ya waya mahali ambapo mswaki haufiki. Dawa ya meno iwe na floraidi ya sehemu 1,350 hadi 1,500 kwa milioni, na mtoto ateme bila kusukutua kwa maji mengi ili floraidi ibaki. Daktari wa binti yangu aliahirisha siku ya kufunga kwa sababu alikuta ukoga kwenye magego. Binti alinuna, nami nilishukuru, kwa kuwa daktari anayekubali kuchelewesha malipo yake kwa ajili ya usafi wa kinywa cha mtoto ameonyesha anachokijali.

Braketi za kauri zenye rangi ya jino nazitaja kwa ufupi. Hazionekani sana, lakini huvunjika kwa urahisi kuliko za chuma, huwa ngumu zaidi kubandua, na zikiwekwa kwenye meno ya chini huweza kula enameli ya meno ya juu yanayozigusa. Zinafaa kwa meno ya juu ya mbele ya mtu mzima anayejali mwonekano. Braketi zenye kifuniko kinachojifunga, ambazo hutangazwa kwamba huharakisha tiba na kupunguza maumivu, hazijathibitika kufanya lolote kati ya hayo mawili kwa tofauti inayofaa kulipiwa zaidi. Nyaya zinazofungwa nyuma ya meno hazionekani kabisa, ila husumbua ulimi na matamshi kwa muda, na si kila daktari ana ustadi nazo.

Trei angavu, ambazo kampuni ya Align ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1997 ndiyo iliyozieneza, nilizichagua kwa sababu tatizo langu lilikuwa dogo na kazi yangu ni ya kuzungumza. Kila trei husogeza jino takriban milimita 0.25, na huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku, ikivuliwa wakati wa kula na kupiga mswaki tu. Daktari aligandisha vijivimbe vya rangi ya jino kwenye baadhi ya meno ili trei zipate pa kushika, na akapunguza enameli kidogo sana kati ya meno ya mbele kwa ukanda mwembamba wa msasa ili kupata nafasi. Sikusikia maumivu katika kupunguzwa huko, ila mtetemo na ladha ya unga. Usafi ulikuwa rahisi kuliko wa nyaya, na hakuna waya uliowahi kunichoma shavu. Dosari ni kwamba trei hazizungushi vizuri meno yenye umbo la mviringo, hazivuti jino kulirefusha kwa urahisi, na pale jino linapong'olewa ili kufunga pengo kubwa, nyaya bado huongoza mizizi vizuri zaidi. Wagonjwa wengi huhitaji seti ya nyongeza mwishoni, nami nilihitaji, kwa hiyo mkataba useme mapema kama seti hiyo imo kwenye bei.

Trei zinazoagizwa kwa posta bila mtu kutazamwa kinywani na daktari nazikataa moja kwa moja. Kampuni ya SmileDirectClub, iliyokuwa mashuhuri kwa biashara hiyo, ilifunga shughuli zake Desemba 2023, na wateja waliokuwa katikati ya tiba wakaachwa bila mtu wa kuwafuatilia. Lakini hata kampuni ya namna hiyo ikidumu, skani iliyopigwa dukani haionyeshi mzizi mfupi, mfupa uliopungua wala chonge lililolala kwenye kaakaa.

Kwa mtu mzima kwa jumla, umri peke yake si kizuizi, kwani mfupa huendelea kujijenga maisha yote. Kilichobadilika ni kwamba mataya hayakui tena, hivyo taya la chini lililo fupi au refu kupita kiasi haliwezi kurekebishwa kwa kifaa, na chaguo huwa ni kuficha tofauti kwa kuyapanga meno au kufanyiwa upasuaji wa mataya sambamba na nyaya. Meno yaliyovikwa kofia za kauri huhitaji maandalizi tofauti ya kugandisha braketi. Jino lililopandikizwa kwa skrubu halisogei kabisa, kwa sababu halina ule utando niliouelezea mwanzoni, na mpango wote hulazimika kulizunguka. Anayetumia dawa za kuimarisha mifupa azitaje, hata kama haoni uhusiano wake na meno, kwani baadhi yake huchelewesha mwendo wa jino.

Sehemu ya mwisho, riteina, ndiyo ambayo kliniki nyingi huizungumzia kwa dakika mbili mgonjwa akiwa tayari amesimama kuondoka. Nyuzi za ufizi zinazoshika shingo ya jino huchukua hadi mwaka au zaidi kujipanga upya, na wakati wote huo huendelea kulivuta jino lirudi lilikotoka. Zaidi ya hapo, meno ya mbele ya chini huelekea kubanana kadiri mtu anavyozeeka, hata kwa wale ambao hawajawahi kuvaa nyaya. Binti yangu alipewa waya mwembamba uliogandishwa nyuma ya meno ya chini ya mbele, na trei ya plastiki ya kuvaa usiku kwa meno ya juu. Waya ni wa kutegemewa, ila huhitaji kusafishwa kwa uzi unaopitishwa chini yake, na unaweza kubanduka kwenye jino moja tu huku ukiendelea kushika kwenye mengine, jambo ambalo mgonjwa hulitambua jino likiwa limekwisha kugeuka. Tulionyeshwa namna ya kuukagua: kubonyeza waya kwa ncha ya kijiti laini nyuma ya kila jino na kuangalia kama unacheza. Trei ya plastiki isioshwe kwa maji ya moto, kwa kuwa hupinda na haitakaa tena.

Kliniki iliyomtibu binti yangu iliweka ndani ya mkataba ule ule miadi ya ukaguzi wa riteina katika mwaka wa kwanza, trei moja ya akiba, na skani ya meno siku ya kufungua ili trei nyingine iweze kutengenezwa bila vipimo vipya iwapo ya kwanza itapotea. Kliniki iliyonitibu mimi, ambayo katika mengine yote nimeisifu, haikuwa na lolote kati ya hayo, na trei yangu ya usiku ilipopasuka nililazimika kuanza na miadi mpya, kipimo kipya na malipo mapya, huku meno yakikaa bila kishikizo kwa muda wote wa kungoja. Kwa sababu hiyo naipa ya binti yangu alama tano kamili, na yangu nne.